Mikono ya Mama Inapouma kwa Mazoezi

Kila Jumanne na Alhamisi jioni kikundi chetu cha akina mama hukutana katika ukumbi wa kanisa. Jioni hizo hatukutani kwa kwaya wala kwa mafundisho. Tunakutana kwa mazoezi ya mwili. Tulianza tukiwa saba tu, baada ya kupimana shinikizo la damu siku moja ya Jumapili na kukuta kwamba wengi wetu tulikuwa nalo juu bila kujua. Sisi tuliosomea uuguzi tuliwaeleza wenzetu kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Tukagawanya dakika hizo: nyingine za kutembea kwa haraka, nyingine za ukumbini.

Baadaye familia moja iliyokuwa inahama ilituachia mashine ya kupiga makasia. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona. Ni chombo kirefu chenye reli, na juu ya reli kuna kiti kidogo cha magurudumu. Unaketi, unafunga miguu kwenye vikanyagio, unashika mpini uliofungwa kwenye mnyororo, kisha unavuta. Mbele kuna gurudumu lenye mapanga yanayokata upepo, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo upepo nao unavyokaza. Akina mama waliipenda sana. Mtu mwenye magoti mabovu, asiyeweza kuruka wala kukimbia, aliweza kuketi juu yake na kutoka jasho.

Lakini haukupita mwezi mmoja tukaanza kusikia manung'uniko. Huyu viganja vimetoka malengelenge. Yule kifundo cha mkono kinamchoma anapoinua sufuria. Mwingine vidole vinakufa ganzi. Nasi, kwa kutojua vizuri, tuliwajibu jibu ambalo leo tunalijutia: "Vumilieni, mwili utazoea."

Mshonaji aliyetoweka

Kati yetu alikuwepo mama mmoja fundi cherehani, mama wa watoto wanne. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Siku moja hakuja. Wiki ya pili hakuja. Wiki ya tatu tukaenda kumtembelea.

Tulimkuta ameketi mbele ya cherehani, vitambaa vya sare za shule vimerundikana, naye hashoni. Alitueleza kwamba usiku wa manane huamka mkono wa kulia umekufa ganzi, kuanzia kidole gumba hadi cha kati, akaukung'uta kama mtu anayekung'uta maji, ndipo hisia zirudi. Mchana sindano humponyoka. Jirani mmoja alimwambia ametupiwa kitu. Mwingine alimwambia ni dalili ya kiharusi. Yeye alikuwa hajamwambia mtu yeyote wa kikundi, maana, kama alivyotuambia, "Ninyi mlisema tuvumilie."

Neno hilo lilituchoma. Tukamwuliza anatumia dawa gani. Akatoa kwenye mkoba pakiti za diklofenaki alizonunua duka la dawa. Alikuwa akimeza mara tatu kwa siku, karibu wiki tatu mfululizo. Tulikuwa na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Tulipompima tukakuta 170 kwa 105. Mama huyu alikuja kwenye mazoezi yetu ili shinikizo lishuke, na sasa lilikuwa juu kuliko siku ya kwanza tulipompima.

Tunaandika makala hii ili mwenzetu mwingine asipite njia hiyo.

Kosa letu lilikuwa wapi?

Tulirudi ukumbini, tukaketi kando ya mashine na kutazamana tukivuta, mmoja baada ya mwingine. Tulimwalika pia mtaalamu wa fiziotherapia aje atuangalie. Hakuchukua muda kuona tatizo. Alituambia kwamba sote tulikuwa tunavuta kwa mikono.

"Sasa mtu avute kwa nini?" mama mmoja aliuliza, na watu wote wakacheka. Lakini jibu ndilo lililobadilisha kila kitu.

Sisi tuliokulia karibu na ziwa tumezoea kumwona mvuvi kwenye mtumbwi, ametazama mbele, ameshika kafi mkononi. Kazi yote iko mabegani na mikononi. Mashine hii haikutengenezwa kwa mfano wa kafi. Imeiga kasia, lile linaloegemezwa kwenye ubavu wa mashua, ambapo mpigaji huketi akiwa ameupa mgongo mwelekeo anaoelekea na kujisukuma kwa miguu. Ndugu wawili wa Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa wapiga makasia, walitengeneza mashine yao ya kwanza ya aina hii mwaka 1981, kwa kutumia vipande vya baiskeli, ili waweze kufanya mazoezi wakati wa baridi kali maji yanapoganda. Mchezo wenyewe si wa wanaume peke yao: wanawake walianza kushindana katika kupiga makasia kwenye Olimpiki ya Montreal, Kanada, mwaka 1976.

Katika mvuto mmoja mzuri, zaidi ya nusu ya nguvu hutoka miguuni. Kiuno na mgongo huongeza sehemu yao, na mikono humalizia kidogo tu. Mtaalamu wetu alitufundisha kukariri hivi wakati wa kuvuta: miguu, mwili, mikono. Wakati wa kurudi: mikono, mwili, miguu. Unasukuma kwanza kwa miguu huku mikono imenyooka kama kamba. Miguu ikikaribia kunyooka, unaegemea nyuma kidogo. Mwisho kabisa ndipo unapokunja viwiko na kuuleta mpini chini ya matiti.

Mwenye kukunja viwiko mapema, kabla miguu haijafanya kazi, humpa mtoto mzigo wa mtu mzima. Misuli midogo ya mkono hubeba kazi iliyokuwa ya mapaja, na huo ndio mwanzo wa maumivu.

Namna ya kushika mpini

Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza, nasi tumeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani.

Kwanza, usikaze ngumi. Shika mpini kwa vidole vilivyokunjwa kama ndoano, kama unavyobeba ndoo kwa mshikio wake. Kidole gumba kipite chini ya mpini bila kukaza. Jaribio ni rahisi: ukiwa unarudi mbele, je, unaweza kuchezesha vidole vyako juu ya mpini? Kama huwezi, umekaza mno.

Pili, kifundo cha mkono kinyooke. Mgongo wa kiganja na mkono vikae mstari mmoja, kama unaposalimiana na mtu. Wengi wetu, tukifika mwisho wa mvuto, tulikuwa tunakunja kifundo kuelekea juu au chini, kama anayekamua nguo. Kukunja huko, mara mamia kwa jioni moja, ndiko kunakoumiza kano.

Tatu, acha nafasi kati ya mikono. Mikono ikae karibu na ncha za mpini, kwa upana wa mabega. Ikisogeleana sana katikati, vifundo hupinda kwa pembeni.

Nne, mnyororo uende sawasawa. Usiinue mpini hadi kidevuni, wala usiuteremshe mapajani. Ukiona unalazimika kuinua mpini ili kuyapita magoti, ujue umekunja magoti kabla mikono haijatoka. Rudisha mikono kwanza.

Tano, usijitwishe uzito. Kando ya gurudumu kuna kishikio chenye namba, kuanzia 1 hadi 10. Sisi tulikiweka kwenye 10 tukidhani ndiyo afya. Anayeanza aweke kati ya 3 na 5.

Sita, usikimbilie. Mivuto 20 hadi 24 kwa dakika inatosha kabisa kwa mtu anayejifunza. Anza na dakika tano, pumzika, kisha tano nyingine. Wiki ya pili ongeza dakika chache, wala si kuruka kutoka kumi hadi thelathini kwa sababu jirani ameweza.

Kabla ya kuketi, pasha mikono joto. Fumba na kufumbua viganja mara kumi. Nyoosha mkono mbele, kisha kwa mkono wa pili vuta vidole taratibu kuelekea kwako, uhesabu hadi kumi na tano. Kisha geuza kiganja chini na ufanye vivyo hivyo. Kuvuta huku kusiume, kukiuma, punguza.

Maumivu yanasema nini?

Si maumivu yote ni sawa, na mama anayejua kutofautisha atajua pia la kufanya. Uchovu wa misuli baada ya mazoezi ni jambo la kawaida, nao huisha baada ya siku moja hadi tatu. Lakini maumivu yanayorudi mahali palepale kila ukishika kitu yanataka usikivu.

Malengelenge ya kiganja hutokana na msuguano na jasho. Usiyatumbue wala kukata ngozi ya juu, maana ngozi hiyo ndiyo bendeji ya asili. Osha kwa sabuni na maji safi, funika kwa kitambaa safi kikavu, na upumzike kuvuta hadi pakauke. Mwenye kisukari asilidharau lengelenge hata moja; akiona wekundu unaenea, usaha au joto, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Baadhi yetu tulivaa glovu nene, lakini tuliona zinafanya mpini kuwa mnene zaidi, na mtu huzidi kukaza. Ni afadhali kulegeza mkono na kufuta jasho.

Maumivu upande wa kidole gumba, hasa unapoinua mtoto au kufungua mfuniko, mara nyingi hutokana na kuvimba kwa ala ya kano za kidole hicho. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, mwaka 1895, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Akina mama wenye watoto wachanga huupata sana hata bila mashine yoyote, kwa sababu humwinua mtoto kwa kumshika makwapani na vidole gumba vimetanuka. Jikague hivi: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha teremsha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukisikia uchungu mkali upande wa gumba, mwambie mhudumu wa afya. Na mtoto mwinue kwa kupitisha viganja chini ya makalio na mgongo, kama anayechota maji kwa mikono miwili.

Maumivu juu ya mkono, upana wa vidole vitatu au vinne kutoka kwenye kifundo, kwa upande wa nyuma, pengine pamoja na mlio wa kukwaruza ukichezesha kifundo, yanajulikana sana kwa wapiga makasia. Hapo makundi mawili ya kano hupishana na kusuguana. Dawa yake kubwa ni kupumzika na kurekebisha namna ya kushika.

Ganzi na mchomo kama wa sindano kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete ni jambo jingine. Katika kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo mshipa wa fahamu hupita pamoja na kano tisa. Kano zikivimba, mshipa hubanwa. Ganzi huzidi usiku, na mtu hupata nafuu akikung'uta mkono. Tatizo hili huwapata wanawake kuliko wanaume. Huwapata zaidi wajawazito, kwa sababu ya maji kuongezeka mwilini, na kwao mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Huwapata pia wenye kisukari, wenye uzito mkubwa, wenye baridi yabisi na wale ambao tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri. Kwa hiyo mama mwenye ganzi asitazame mashine tu. Apimwe na sukari.

Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete huonyesha mshipa mwingine, ambao unaweza kubanwa kwenye kiganja au kwenye kiwiko. Hiyo nayo ipelekwe kwa mtaalamu.

Mashine haikuwa peke yake

Tulipomwuliza yule mshonaji siku yake inavyokwenda, tulipata picha kamili. Huamka saa kumi na moja alfajiri na kukanda unga wa chapati za kuuza. Kisha hufua na kukamua mashuka. Baadaye hukaa kwenye cherehani, mkasi mkononi, hadi jioni. Usiku huandika ujumbe kwenye simu kwa kidole gumba kilekile. Jumanne na Alhamisi akaja kwetu, nasi tukamwambia kaza mkono, vuta!

Mashine ilikuwa tone la mwisho lililomwaga maji ya mtungi uliokwisha kujaa. Ndivyo ilivyo kwa wengi wetu. Mkono wa mama hauna Jumapili. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupona hana budi kupunguza mzigo nyumbani pia. Nguo nzito zisikamuliwe kwa kusokota mikononi. Zitundikwe zikichuruzika, au watu wawili wazishike ncha kwa ncha. Unga wa chapati ukandwe kwa uzito wa mwili, ukiwa umesimama mbele ya meza isiyo juu sana, kiganja kikisukuma na kifundo kikiwa hakijapinda. Mkasi unolewe. Ndoo ibebwe kwa kubadilisha mikono. Mwenye jembe, mpini wake usiwe mwembamba mno kiasi cha kumlazimu kukaza ngumi.

Pete ya ndoa

Hapa tuna jambo dogo, lakini lilileta maneno mengi katika kikundi chetu. Mtaalamu alituomba tuvue pete kabla ya kushika mpini. Ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja alisema hajavua pete yake tangu alipovishwa madhabahuni, na hataivua kwa ajili ya mashine. Mwingine alisema mumewe akimwona bila pete atauliza maswali.

Tuliheshimu hisia hizo, maana pete ni alama ya agano. Lakini tukiwa wauguzi tumeona vidole vilivyovimba hadi pete ikawa kamba ya kunyonga, ikabidi ikatwe kwa msumeno mdogo ili kidole kisipoteze damu. Juu ya mpini pete hubana ngozi na kuleta lengelenge, na kidole kikivimba baada ya kuumia haitoki. Tukawaambia: agano liko moyoni na mbele za Mungu, chuma kinaweza kupumzika kwa nusu saa. Wengi sasa huifunga pete kwenye kona ya kanga au kuitia kwenye mkufu wa shingoni. Mmoja alikwenda kuzungumza na mumewe kwanza, na mumewe akamwambia, "Mimi mwenyewe huivua nikitengeneza gari." Basi neno likaisha.

Na kama kidole kimekwisha kuvimba na pete haitoki, inua mkono juu, loweka kwenye maji ya baridi, paka sabuni au mafuta, kisha izungushe taratibu. Kidole kikigeuka rangi au kufa ganzi, kimbia hospitali ikakatwe.

Huduma ya kwanza na tahadhari ya dawa

Maumivu yakianza, acha kuvuta. Usisubiri umalize dakika zako. Pumzisha mkono siku kadhaa, ukiendelea na mazoezi mengine kama kutembea, ili faida ya moyo isipotee. Funga barafu kwenye kitambaa na uiweke mahali panapouma kwa dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi.

Kwa maumivu, watu wazima wengi wanaweza kutumia parasetamoli: kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, na isizidi vidonge vinane kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini amwulize daktari kwanza.

Lakini diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake si peremende. Dawa hizi zinaweza kupandisha shinikizo la damu, kuumiza figo na kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, wa figo au vidonda vya tumbo asizimeze bila ushauri wa daktari. Mjamzito naye asizitumie bila kuandikiwa, hasa kuanzia wiki ya 20. Duka la dawa litakuuzia ukiomba. Ni juu yako kueleza una ugonjwa gani na una mimba au huna.

Usikawie kwenda hospitali ukiona dalili hizi: ganzi isiyoisha kwa zaidi ya wiki mbili au inayokuamsha kila usiku, vitu kuponyoka mkononi, nyama ya chini ya kidole gumba kupungua, kiungo kuwa chekundu, cha moto, pamoja na homa, maumivu makali baada ya kuanguka, au viungo vya mikono yote miwili kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu.

Na kuna ganzi ambayo haingoji hata saa moja. Mkono ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakawa mazito, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Maumivu ya mkono pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba na kukosa pumzi wakati wa mazoezi yanaweza kuwa ya moyo. Hapo usikande mkono wala usitafute mafuta ya kuchua. Tafuta usafiri.

Alivyopata nafuu

Tulimsindikiza mshonaji wetu hospitali. Daktari alimgonga kidogo kwenye kifundo, kisha akamwambia akunje vifundo na kugusanisha migongo ya viganja kwa dakika moja. Kabla dakika haijaisha ganzi ilikuja. Alipimwa sukari, ikawa salama. Akaelezwa kwamba mshipa wa fahamu umebanwa, wala hakuna aliyemtupia kitu. Diklofenaki ikasimamishwa, shinikizo la damu likaanza kutibiwa, naye akapewa banzi la kuvaa usiku ili kifundo kisipinde anapolala. Aliambiwa kwamba asipopata nafuu kuna sindano ya kuchomwa kwenye kifundo, na mwisho kuna upasuaji mdogo wa kuufungulia mshipa. Hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam zina wataalamu wa fiziotherapia, na hospitali nyingi za mikoa pia. Ulizia iliyo karibu nawe.

Hatutaficha kwamba alipata hasara. Shule moja iliona sare zinachelewa, ikapeleka kazi kwa fundi mwingine, na fedha ile ilikuwa ya karo. Alilia mbele yetu. Kikundi kikagawana kazi iliyobaki: mmoja alikata vitambaa, wengine walishona vifungo na kupindua pindo usiku, naye akasimamia tu. Mumewe, ambaye hakuwahi kugusa beseni, alichukua kazi ya kukamua mashuka. Mtaani walimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakazoea.

Wiki ya sita alilala usiku kucha bila kuamka. Kidogo kidogo akarudi kwenye cherehani, akipumzika kila nusu saa. Akarudi na ukumbini. Sisi tulimwomba msamaha mbele ya wenzetu wote, maana tulichanganya uvumilivu na uzembe. Kuvumilia jaribu ni jambo moja. Kunyamazia ugonjwa unaotibika ni jambo jingine.

Mithali sura ya 31, inapomsifu mke mwema, hutaja mikono yake zaidi ya mara moja. Kwa mikono hiyo familia inakula, inavaa, na maskini anasaidiwa. Tukiisifu mikono ya mama, basi na tuitunze.

Siku hizi, kila mgeni anapoketi kwenye mashine kwa mara ya kwanza, anayesimama kando yake ni yule mshonaji. Hamwambii akaze wala avumilie. Huinama, humgusa kifundo kwa kidole kimoja, na kumwambia, "Legeza mkono, mama. Sukuma kwa miguu. Ikiuma, niambie leo, usiningojee nije kwako."